Daftari la wageni lilichukuliwa bila hati: baada ya shambulio la kigaidi, vyombo vya usalama viende hadi wapi?

Mama wa Gesti, Mbeya

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wenzangu wa Mbeya nasema mwagonile.

Nina nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinne karibu na stendi ya Nane Nane, na kwa miaka mingi wageni wangu wakubwa wamekuwa wasafiri wanaoshuka usiku kutoka Tunduma, Kyela na Sumbawanga wakingoja basi la alfajiri. Kila mgeni anaandikwa kwenye daftari, ambalo ni kaunta buku nene niliyoipigia mistari kwa rula mimi mwenyewe: tarehe, jina, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, sahihi. Tumeagizwa kuandika hivyo na sijawahi kulalamika, kwa sababu hata mimi nalala vizuri zaidi nikijua nani amelala chumba namba tisa.

Mwezi Oktoba 2020, baada ya wapiganaji kuvuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, walikuja kwangu watu watatu saa tatu usiku, wamevaa kiraia. Mmoja alinionyesha kitambulisho haraka kiasi kwamba sikuwahi hata kusoma jina. Waliliomba daftari, wakalifunua ukurasa kwa ukurasa pale kaunta, kisha wakaniambia wanaondoka nalo. Nilipoomba waniandikie japo karatasi ya kuonyesha kwamba wamelichukua, yule mkubwa wao alinijibu kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, hili ni suala la usalama wa taifa." Nikanyamaza, maana ni nani anayetaka kuonekana anauzuia usalama wa taifa kwenye kaunta ya gesti?

Daftari lilirudi baada ya wiki tano. Lilipofika nilikaa chini kulipitia, nikakuta majina zaidi ya ishirini yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipoyafuatilia kwenye safu ya kabila nikaona yote yanasomeka Mmakonde, Mmakua au Myao, makabila yanayoishi pande zote mbili za mpaka wa Msumbiji. Mmojawapo ni fundi seremala ambaye kwa miaka tisa amekuwa akilala kwangu kila anapokuja kununua mbao, mtu ambaye wajukuu zangu wanamwita babu. Alihojiwa, akaachiwa, na tangu hapo hajarudi. Nilimpigia simu mara moja. Alinisalimu vizuri, akaniulizia wajukuu, kisha akasema sasa anapitia njia nyingine.

Sisemi haya kwa kuudharau ugaidi. Nauogopa. Mpaka wa Tunduma hauko mbali nasi, na wa Kasumulu vilevile, na sitamani kuamka siku moja nikakuta aliyelala kwangu ndiye aliyeua watu sokoni. Lakini bado naiona ile kalamu nyekundu. Naomba mnisaidie kwa maelezo yenye hoja, si kwa hasira: baada ya shambulio, Serikali ina haki ya kuingia kwenye maisha yetu kwa kiasi gani, nani anakipima kiasi hicho, na je, usiku ule nilipaswa kukataa?

Afande Mstaafu, Uyole

Mama, heshima yako. Nimelitumikia Jeshi la Polisi kwa zaidi ya miaka thelathini na sasa nalima viazi hapa Uyole, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa kaunta.

Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, nilikuwa askari mdogo Dar es Salaam. Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, tulipelekwa kuzuia watu wasisogee. Pale kwetu walikufa watu 11 na wengine zaidi ya 80 wakajeruhiwa, wakati Nairobi, dakika chache kabla, walikuwa wamekufa zaidi ya 200. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni lori la maji lililokuwa langoni. Lile ndilo lililobeba sehemu kubwa ya kishindo, na pengine bila hilo hesabu yetu ingekuwa kubwa zaidi. Hakuna Mmarekani hata mmoja aliyekufa Dar es Salaam siku ile. Walikufa walinzi, wafanyakazi na watu waliokuwa wakihangaikia riziki. Nimesimama karibu na kiatu cha mtu kwa saa sita, na sitaki askari kijana yeyote asimame hapo.

Sasa fikiria waliofanya lile walijiandaa vipi. Walipanga nyumba Ilala kama wapangaji wengine, wakanunua lori kama wafanyabiashara wengine. Hawakukaa msituni. Waliishi katikati ya watu wanaouza, wanaopangisha na wanaoandika majina kwenye madaftari, na kwa hiyo njia pekee ya kuwafikia watu wa namna hiyo kabla hawajaua ni kupitia karatasi ndogo ndogo kama hilo daftari lako. Anayesema mpelelezi asiliguse anataka mpelelezi awe mpiga ramli.

Kisha kumbuka Kibiti. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa mara moja pale Jaribu wakitoka lindoni, na katika miezi ile viongozi wa vijiji na vitongoji vya Kibiti, Mkuranga na Rufiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, mpaka wananchi wakaogopa hata kumsalimia askari hadharani. Katika hali hiyo mtoa taarifa mmoja ana thamani kuliko bunduki mia. Akijulikana, amekufa. Ndiyo maana mambo mengine hayaandikwi kwenye karatasi atakayoachiwa kila mtu, na ndiyo maana upelelezi wa ugaidi hauwezi kumalizika kwa saa ishirini na nne: rekodi za simu zina safari yake, miamala ya fedha ina safari yake, na majibu kutoka nchi jirani yana safari ndefu kuliko zote.

Nakubaliana nawe kwa jambo moja. Wale vijana walitakiwa kukuandikia na kukusainia, na mkuu wao angekuwa mtu wa zamani yetu angewarudisha usiku uleule. Ila usingepaswa kukataa. Ungekataa wewe, wangekataa na wenye gesti kumi wengine, na mtu mmoja anayetafutwa kweli angepata mahali pa kulala.

Dereva wa Makambako

Shikamoo Afande, shikamoo Mama. Mimi naendesha basi la Tunduma kwenda Dar es Salaam na naandika kwa kifupi. Kwa safari moja tunaweza kusimamishwa mara nyingi, na abiria wakilalamika huwa nawatuliza, kwa sababu nimeshashuhudia mizigo ya ajabu ikishushwa kwenye buti. Ninachoomba ni kwamba ukaguzi uwe wa basi zima. Wakipanda na kumshusha yule yule mwenye kofia na kanzu, au yule anayezungumza Kiswahili cha lafudhi ya pwani, abiria wengine wanajifunza kumwogopa, na kuanzia hapo mpaka Ipogolo hakuna anayetaka kukaa naye kiti kimoja. Mimi kwenye kioo naona yote.

Wakili wa Gangilonga, Iringa

Kamwene. Mama, umeuliza maswali matatu, nami nitaanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloyabeba mengine.

Hukupaswa kukataa, na pia hukupaswa kunyimwa karatasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi ya kukiri kwamba amekichukua, yenye sahihi ya mwenye mahali na ya mashahidi kama wapo. Watu wengi wanadhani hiyo ni adabu tu, au huruma kwa mwenye mali. Mtu yeyote aliyesimama mahakamani anajua kwamba stakabadhi hiyo ndiyo inayolifanya daftari kuwa ushahidi. Tuseme kati ya yale majina yaliyopigiwa mstari mwekundu kulikuwa na gaidi wa kweli. Upande wa mashtaka ungelileta daftari lako, na swali la kwanza la wakili wa utetezi lingekuwa: lilitoka mikononi mwa nani, lini, likakaa wapi wiki tano, na nani aliandika humo kwa kalamu nyekundu? Wale watu watatu walipokunyima karatasi walikudhulumu wewe, na papo hapo walimpa zawadi mtu waliyekuwa wakimsaka.

Afande ametaja bomu la 1998, na mimi naomba tulifuate bomu hilo hilo hadi mahakamani, kwa sababu ni fundisho lililotokea katika damu yetu wenyewe. Washtakiwa wanne wa kwanza walisomewa mashtaka mbele ya mahakama ya kawaida mjini New York, mbele ya baraza la wananchi wanaoamua hatia, wakiwa na mawakili, na mwaka 2001, kabla ya mashambulio ya Septemba 11, wote walitiwa hatiani kwa makosa yote, na mwezi Oktoba mwaka huohuo wakafungwa maisha. Mmoja wao, Khalfan Khamis Mohamed, alikuwa amekamatwa Cape Town mwaka 1999, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua baadaye kwamba kumkabidhi kwa Wamarekani bila kwanza kupata ahadi ya kutonyongwa kulikuwa kinyume cha Katiba. Tazameni: mahakama ya Afrika ilimtetea mshtakiwa wa ugaidi, na bado akafungwa maisha. Haki yake haikumwachia huru.

Sasa mtazameni Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, aliyeshtakiwa kwa bomu hilo hilo. Yeye alikamatwa Pakistan mwaka 2004, wakati ambapo Marekani ilikuwa imeshaamua kwamba taratibu za zamani ni mzigo. Aliwekwa katika magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha gereza la kijeshi la Guantánamo, akahojiwa kwa mabavu, na alifikishwa katika mahakama ya kiraia ya New York mwaka 2009 tu. Kesi ilipoanza mwaka 2010, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi mkuu wa mashtaka, Mtanzania aliyetarajiwa kusema kwamba ndiye aliyemuuzia vilipuzi, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa. Matokeo yake Ghailani alikutwa na hatia katika kosa moja tu, na katika mengine zaidi ya 280, yakiwamo yote ya mauaji, aliachiwa. Alifungwa maisha kwa hilo moja, lakini familia za wale 11 wa Barabara ya Laibon hazikupata kusikia mahakama ikitamka kwamba huyu ndiye aliyewaua wapenzi wao. Chumba cha siri kiliwanyang'anya neno hilo.

Kuhusu kipimo. Katiba yetu haisemi kwamba haki hazina mpaka. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu, ya 16 inalinda faragha yake, kisha ya 30 inaruhusu sheria kuziwekea mipaka kwa ajili ya usalama na maslahi ya umma, na ya 31 inakwenda mbali zaidi kwa wanaoaminika kuhatarisha usalama wa taifa. Lakini mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani iliweka mizani ambayo bado naiona kuwa bora kuliko nyingi nilizosoma za nje: sheria inayobana haki ni lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane zaidi ya kile kinachohitajika kufikia lengo lake halali. Daftari la gesti kusomwa na mpelelezi ni jambo linalopita katika mizani hiyo. Kupigia mstari kila Mmakonde halipiti, kwa sababu kabila si dalili ya kosa, na wavu uliotandazwa kwa mtindo huo unanasa maseremala na kumkosa anayetafutwa.

Linalonisumbua zaidi ni muda. Chini ya sheria zetu kosa la ugaidi halina dhamana, na mwaka 2020, baada ya Mahakama Kuu kuona kwamba kifungu kinachozuia dhamana kinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo na kukirejesha. Kwa hiyo mtu akishashtakiwa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, anakaa mahabusu kwa kadiri upelelezi unavyochukua, na sentensi ya "upelelezi haujakamilika" inaweza kusomwa kila baada ya wiki mbili mwaka hadi mwaka. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu kutoka Zanzibar, walikaa hivyo kwa miaka mingi mpaka mashtaka yalipofutwa mwezi Juni 2021. Hakuna hukumu iliyosema wana hatia, na hakuna iliyowasafisha. Uingereza, baada ya mabomu ya Julai 2005 yaliyoua watu 52 mjini London, waziri mkuu Tony Blair aliomba polisi waruhusiwe kumshikilia mshukiwa siku 90 bila mashtaka. Bunge lilikataa kwa kura 322 dhidi ya 291, likatoa siku 28, na mwaka 2011 zikarudi 14. Sitaki kusema kwamba 14 ni namba takatifu. Nataka tuone kwamba kulikuwa na namba, na kwamba iliwezekana kuijadili na kuipunguza hofu ilipotulia.

Kaka wa Fundi Simu, Mwanjelwa

Mimi si msomi wa sheria, na nimesoma maandishi ya Wakili mara mbili ili niyaelewe. Naomba kuongeza kile ambacho hakiandikwi kwenye hukumu.

Mdogo wangu alikuwa na meza ya kutengeneza simu pale Mwanjelwa. Ni mtu wa swala tano, ana ndevu, na kazi yake inamfanya aguse laini za simu za watu wengi. Alichukuliwa asubuhi moja mbele ya wateja wake pamoja na boksi la simu za watu. Kwa siku kumi na moja hatukujua yuko wapi. Mama yetu alikuwa akipika chakula kila siku na kukifunga kwenye hotipoti, mimi nakipeleka kituo kimoja baada ya kingine, na kila mahali naambiwa hayupo hapa, mpaka siku ya saba ofisa mmoja alinihurumia akaniambia niache kuzunguka, kwamba yu mzima. Siku ya kumi na mbili alirudi nyumbani kwa miguu. Hakushtakiwa. Hakuna aliyempiga, na hilo nalisema kwa sababu haki ni haki kwa pande zote. Walimhoji, wakajiridhisha, wakamwachia.

Lakini hawakurudi sokoni kuwaambia wale wateja kwamba wamejiridhisha. Simu zilirudi baada ya miezi miwili, na wenyewe wakazichukua wakiwa wamesimama mbali kidogo na meza. Hadi leo kuna mama mmoja muuza ndizi, jirani yake wa miaka mingi, ambaye akipita hamwangalii usoni. Ile meza ameshaiacha na sasa anabeba mizigo.

Afande, nakuheshimu kama baba yangu, na nilipofika kwenye kile kiatu nilishindwa kuendelea kwa muda. Naomba tu nikuulize. Kijana mwingine wa rika la mdogo wangu, wa msikiti uleule, akisikia kesho maneno ya ajabu yakisemwa na mgeni, je, ataenda kuripoti kwenye kituo ambacho mama alinyimwa jibu la hotipoti? Naye Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akitupasha habari za mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 2017 na mpaka sasa hajaonekana. Watu wakishaona kwamba anayesema anatoweka, watasema na nani?

Afande Mstaafu, Uyole

Kijana wangu, pole sana, na umfikishie mama salamu zangu. Swali lako nimelala nalo. Jibu la kweli ni kwamba hataripoti, na katika miaka yangu yote taarifa nzuri nilizopata zililetwa na watu walioniamini, si walioniogopa. Kumficha mshukiwa kwa sababu ya upelelezi ni jambo moja. Kumficha mama yake kwamba yu hai ni jambo ambalo halina faida yoyote ya kipelelezi ninayoijua, na nalisema hili kama mtu wa kazi hiyo.

Lakini Wakili, usituache na picha ya upande mmoja. Kenya walitunga sheria kali Desemba 2014 baada ya mashambulio ya kigaidi ya Westgate na Mandera. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakavifuta vifungu vinane. Tarehe 2 Aprili mwaka uleule wanafunzi wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa, jumla ya watu 148. Mzazi wa mtoto aliyeuawa pale utamweleza nini kuhusu mizani ya Pumbun?

Wakili wa Gangilonga, Iringa

Afande, nisingethubutu kumweleza mzazi huyo chochote kwanza. Ningekaa naye. Akiniuliza, ningemwambia niliyoyafuatilia kwa uchungu wakati ule. Kati ya vifungu vilivyofutwa kimoja kilikuwa kinatishia vyombo vya habari kwa kifungo na faini, na kingine kilikuwa kinaweka ukomo wa wakimbizi 150,000 nchini. Hakuna kati ya hivyo viwili ambacho kingesimama kwenye lango la chuo kile alfajiri ile. Vifungu vingine vingi vya sheria hiyo mahakama iliviacha vikiendelea kutumika. Wauaji waliingia kabla jua halijachomoza, na vyombo vya habari vya Kenya vyenyewe viliripoti kwamba kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika mchana, saa nyingi baadaye, huku lango la chuo likiwa na askari wachache mno. Kilichopungua Garissa kilikuwa walinzi na ndege ya kukileta kikosi mapema, na kila saa tunayoitumia kubishana kuhusu kalamu za waandishi ni saa ambayo hatuulizi kwa nini kikosi kilichelewa.

Hata hivyo nakubali kwamba mawakili tuna deni. Tunajua kusema sheria fulani ifutwe, lakini mara chache tunasema mpelelezi apewe nini badala yake. Mimi ningependa apewe siku za kutosha kumshikilia mtu, siku zinazohesabika, ila kila baada ya siku kadhaa ampeleke mshukiwa mbele ya hakimu, hata kama ni faragha na bila kumtaja mtoa taarifa wake, ili awepo mtu wa tatu anayejua kwamba mtu huyo yu hai na kwa nini bado ameshikiliwa.

Mama wa Gesti, Mbeya

Nawashukuru wote. Kaka wa Mwanjelwa, nimeguswa sana na ile hotipoti, nami ningependa kumjua mama yenu.

Nimeshanunua kaunta buku jipya. Ukurasa wa kwanza nimeupigia mistari tofauti na kurasa nyingine: tarehe, jina la ofisa, namba yake, kituo atokacho, sababu, sahihi yake na sahihi yangu. Akija ofisa nitamfungulia daftari lote alisome akiwa amekaa, nitampa na chai, na akitaka kuondoka nalo nitamgeuzia ukurasa ule wa kwanza. Nimemwonyesha mwenyekiti wetu wa mtaa, naye ameahidi kulizungumza katika mkutano wa Jumamosi ili wenzangu wenye gesti nao wafanye hivyo, na ameniomba niwaalike polisi kata wasikie wenyewe, jambo ambalo nimeliona jema.

Wakili, nimebaki na jambo moja. Kila nilipokuwa nikipiga mistari nilifika kwenye safu ya kabila nikasimama. Namba ya kitambulisho ipo, sahihi ipo, atokako na aendako vipo. Naomba uniangalizie kama kweli kuna sheria inayonitaka niiandike safu hiyo, au kama ni mazoea tuliyoyakuta, kwa sababu mpaka sasa nimeiacha bila kichwa, na yule seremala amenitumia ujumbe kwamba mwezi ujao ana mbao za kufuata Mbeya.